Usikae Mezani na Mnunuzi Mmoja

Hotuba kwa viongozi wa vilabu na vyama vya michezo vya Kanda ya Ziwa, Mwanza

Mwangaluka, wazee wangu. Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu viongozi, makocha, kaka na dada zangu mliotoka Geita, Sengerema, Musoma na Bukoba, na ninyi wageni wetu mliovuka mpaka kutoka Kisumu, karibuni sana. Nimepewa dakika 40, ambazo ni kipindi kimoja cha mchezo wa raga. Na raga ndiyo nitakayoizungumzia, ingawa najua wengi humu ndani ni watu wa soka.

Nitawaeleza kwa nini raga. Lakini kwanza niruhusuni niwapeleke mwaloni.

Nimezaliwa Kirumba. Baba yangu alikuwa mvuvi wa sangara. Nikiwa darasa la tano alikuja nyumbani na injini mpya ya mtumbwi. Hakuinunua. Alipewa na wakala wa samaki, pamoja na nyavu na petroli ya wiki mbili. Mama alipika pilau siku ile, majirani wakaja kuitazama injini kama watu wanavyotazama mtoto mchanga. Sharti lilikuwa moja tu: samaki wote wapelekwe kwa wakala yule, na deni likatwe kidogo kidogo. Hapakuwa na karatasi yoyote.

Nilikuwa nikiongozana naye alfajiri kubeba ndoo. Naikumbuka mizani ya wakala, ile ya kuning'inia, kioo chake kimepasuka upande mmoja. Wakala anasoma kilo kwa sauti, anaandika kwenye daftari, na baba anaangalia ziwani. Hatua kama ishirini kutoka hapo wanunuzi wengine walikuwa wakipandishiana bei, huyu akitaja, yule akiongeza. Baba aliwasikia. Lakini samaki wale hawakuwa wake tena. Walikoma kuwa wake tangu siku ya pilau.

Ndugu zangu, miaka yote niliyofanya kazi ya sheria za mikataba, kila nilipokaa na klabu au chama cha michezo kinachotaka kuuza haki za matangazo, nimeiona mizani ile. Watu wanadhani bei inapatikana kwenye kikao cha majadiliano, kwamba ukimpeleka msemaji hodari mtapata zaidi. Bei inakuwa imeshaamuliwa kabla kiti hakijavutwa. Inaamuliwa na mambo mawili: je, kuna mnunuzi wa pili? Na je, unaweza kusema hapana leo, ukarudi nyumbani, na kesho klabu yako bado ikawepo?

Sasa raga. Kuna raga mbili. Ile ya watu 15, ambayo ndugu zetu wa Kisumu wanaicheza, na kule Jinja kwenye chanzo cha Nile ipo timu ya Hippos. Halafu kuna ya watu 13, inayopendwa sana Australia mashariki, kaskazini mwa Uingereza na Papua New Guinea. Hii ya watu 13 ndiyo ninayoitaka, kwa sababu sijui mchezo mwingine duniani uliopitia kila jambo linaloweza kumpata mwenye ligi anapouza haki zake. Uliwahi kugombewa na matajiri wawili. Ukagawanyika katikati. Mnunuzi wake akawa mmiliki wake. Ukapata fedha nyingi, ukazitumia zote, ukakwama. Yote haya ndani ya miaka 30, na yote yameandikwa, mtu anaweza kuyasoma.

Hata kuzaliwa kwake kulikuwa ni suala la malipo. Tarehe 29 Agosti 1895, kwenye hoteli ya George mjini Huddersfield, vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilijitenga na chama cha raga. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, na anayekwenda kucheza alikatwa ujira. Vilabu vilitaka kumfidia mchezaji ule ujira uliopotea, wakubwa wa London wakakataa. Basi wakaondoka. Kupunguza wachezaji hadi 13 kulikuja baadaye, mwaka 1906.

Turuke miaka mia moja. Mwaka 1995 Australia ilikuwa inaingia kwenye televisheni ya kulipia. Matajiri wawili wa vyombo vya habari, Rupert Murdoch na Kerry Packer, walikuwa kila mmoja upande wake wa kebo zinazofukiwa barabarani. Kebo tupu haimshawishi mtu kulipa. Mtu wa Sydney analipia kebo akijua ndani yake kuna raga. Packer ndiye aliyekuwa ameshika haki za raga. Murdoch, badala ya kusubiri mkataba umalizike, akaamua kuanzisha ligi yake mwenyewe na kuwachukua wachezaji. Mwishoni mwa wiki moja, kuamkia Aprili 1995, mawakala wake walipita usiku wakisainisha wachezaji kwa mishahara ambayo hawakuwahi kuiota. Chama cha raga cha Australia nacho, kwa fedha za upande wa Packer, kikajibu vivyo hivyo.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana hapa ndipo viongozi wengi wanapotea.

Mwaka ule bei ya raga ilipanda mara nyingi. Je, mchezo ulikuwa umeboreka mara nyingi? Hapana. Wachezaji walikuwa wale wale, viwanja vile vile, nyasi zile zile. Kilichopanda ni njaa ya wanunuzi wawili waliokuwa wakigombea kitu kingine kabisa, yaani kebo. Mwenye ligi akidhani bei ile ni thamani ya mchezo wake, atapanga mishahara kwa bei ile, atasaini wachezaji kwa miaka mitano kwa bei ile, na siku wanunuzi wakipatana ataachwa na madeni. Mwaloni tunalijua hili. Kuna siku kiwanda kimoja kina oda kubwa ya nje na bei ya sangara inaruka. Mvuvi mwenye akili siku ile anauza na kuweka akiba. Hajengi nyumba ya ghorofa kwa bei ya siku moja.

Na kweli wakapatana. Mwaka 1997 zilichezwa ligi mbili sambamba, moja ya timu 12 na nyingine ya timu 10, na watazamaji wakachoka nazo zote. Desemba ya mwaka huo wakakubaliana kuunda ligi moja, ile tunayoijua kwa jina la NRL, iliyoanza 1998 na timu 20. Makubaliano yalisema timu zipunguzwe hadi 14 ifikapo mwaka 2000. Kupunguza timu si hesabu ya ubaoni, ni kufunga nyumba za watu. Nyingine zililazimika kuungana. South Sydney, klabu kongwe ya watu wa kawaida, iliondolewa baada ya msimu wa 1999. Wananchi walijaa mitaa ya Sydney kwa makumi elfu mwaka 2000 kuitetea. Klabu ikaenda mahakamani, ikashinda rufaa, ikarudi uwanjani mwaka 2002.

Mkataba wa televisheni uliamua timu ya nani iishi na ya nani ife. Sisi Mwanza tunajua maana ya timu kupotea. Pamba ilishuka daraja mwaka 2001 na tukakaa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuiona tena ligi kuu msimu wa 2024/25. Wapo wazee humu ambao wajukuu wao walikua bila kuiona Pamba, TP Lindanda yetu, ikicheza na Simba hapa Kirumba kwa pointi tatu za ligi. Ile ilikuwa kwa matokeo ya uwanjani, tukaumia tukanyamaza. Sasa fikirini timu kuondolewa kwa sababu ya kifungu cha karatasi.

Tena kuna jambo kubwa zaidi katika amani ile ya 1997. Kampuni ya Murdoch ilipata nusu ya umiliki wa ligi. Kwa hiyo kila mkataba wa matangazo ulipojadiliwa, mnunuzi mmoja alikuwa amekaa pande zote mbili za meza. Kwa lugha ya mwaloni, wakala sasa anamiliki nusu ya mtumbwi. Hali ile ilidumu hadi Februari 2012, ilipoundwa tume huru ya kuusimamia mchezo na kampuni ikatoka kwenye umiliki. Miezi sita tu baadaye, Agosti 2012, tume ikasaini mkataba wa miaka mitano wa dola za Australia bilioni 1.025, na kituo cha Nine pamoja na Fox Sports. Mkataba uliotangulia haukufika nusu ya fedha hizo. Sisemi tume peke yake ndiyo iliyoleta ongezeko lile. Kituo cha Ten nacho kilikuwa kinaitaka raga kwa nguvu, kikaweka dau kubwa, Nine ikalazimika kulifikia. Ndiyo yale mambo mawili niliyoyataja: mwenye mali anaweza kusema hapana, na mnunuzi wa pili yupo mlangoni.

Nimetaja Nine kulifikia dau la Ten. Kilichoiwezesha ni kifungu ambacho naomba mkitafute kwenye kila rasimu mtakayoletewa. Kinasema kwamba mkataba ukiisha, mnunuzi wa sasa ana haki ya kuonyeshwa dau la mwisho la mwenzake, na akitoa kiasi kile kile, mali ni yake. Kinaandikwa kwa maneno ya upole, mara nyingi ukurasa wa mwishoni. Mtu anakisoma anasema hakina shida, si atalipa sawa na mwingine? Shida ni kwamba mwingine hatakuja. Nani atatumia miezi kufanya hesabu, kukaa na benki, kukagua uwanja, halafu aseme dau lake na mwenzake alichukue kwa sentensi moja? Australia mwaka 2012 kilivumilika kwa sababu Ten ilikuwa na njaa ya kweli. Msitegemee njaa ya mtu mwingine.

Mpangilio wa kuuza nao una mambo yake. Agosti 2015 mkuu wa NRL aliamua kuiuzia Nine kwanza, dola milioni 925, kabla ya kukubaliana na Fox, televisheni ya kulipia ya Murdoch. Upande wa Murdoch walikasirika. Wiki moja baadaye Murdoch mwenyewe alikaa mbele ya waandishi wa habari pamoja na viongozi wa mpira wa kanuni za Australia, wapinzani wakubwa wa raga, kutangaza mkataba wa zaidi ya dola bilioni 2.5. Mkuu yule wa raga aliondoka madarakani Oktoba. Novemba Fox wakasaini, Nine ikakubali kuachia baadhi ya mechi, na jumla ikafika kama dola bilioni 1.8. Fedha zilipatikana. Lakini angalieni: kila mechi unayompa wa kwanza unaipunguza kwenye sinia la wa pili. Mchezo wa Alhamisi usiku, wa Ijumaa, wa Jumamosi, fainali, na zile mechi tatu za kila mwaka kati ya majimbo ya New South Wales na Queensland ambazo nchi nzima inasimama kuzitazama, kila kimoja ni kipande chenye bei yake. Huwezi kugawa nyama bila kujua wageni ni wangapi.

Na kule kuna sheria ya nchi inayosaidia. Serikali yao imeweka orodha ya mashindano ambayo televisheni ya kulipia haiwezi kuyafungia peke yake kabla vituo vya bure havijapata nafasi ya kuyanunua, na raga imo. Mzee asiye na king'amuzi anaiona fainali. Mimi naipenda sheria ile, nasema wazi.

Uingereza ni hadithi nyingine, na inatuhusu zaidi sisi wadogo. Aprili 1995 wenyeviti wa vilabu vya raga walikusanyika Wigan. Murdoch, ambaye alikuwa anahitaji kundi la upande wake duniani kote, aliwaletea ofa ya pauni milioni 77, ikaja kupanda hadi 87, kwa miaka mitano. Vilabu vingi vilikuwa na madeni. Walikubali haraka. Masharti? Msimu uhamishwe kutoka baridi kwenda kiangazi. Iundwe ligi mpya. Iwepo timu Paris. Na vilabu jirani viungane, Hull na Hull Kingston Rovers wawe kitu kimoja, Castleford na Wakefield na Featherstone wawe kitu kimoja. Mtu aliyepanga yale hakuwahi kusimama katikati ya mashabiki wale. Ni sawa na kumwambia mtu wa Simba na mtu wa Yanga kwamba kuanzia mwakani mtavaa jezi moja. Mashabiki waliandamana, muungano ukafa kabla haujazaliwa. Paris walicheza mechi ya kwanza Machi 1996, uwanja ulijaa watu zaidi ya elfu 17, na mwaka 1997 ulipoisha timu ile haikuwepo tena.

Lakini kuhama kwa msimu, ambako watu walikulaumu sana, naona kulikuwa na akili. Kiangazi ligi za soka zimesimama. Televisheni ina saa tupu za kujaza. Wavuvi wetu wa dagaa wanalijua hili bila kufundishwa na mtu: unavua kwenye giza, taa yako inapoonekana. Ukienda na karabai kwenye mbalamwezi umepoteza mafuta. Nimekaa kwenye vibanda umiza vya Igoma na Buzuruga Jumamosi jioni. Hakuna mwenye kibanda atakayezima Arsenal aweke mashindano yenu ya mkoa, hata kama mtoto wake mwenyewe anacheza. Lakini Juni na Julai viti vile vipo tupu, na mwenye kibanda anahangaika cha kuonyesha. Mmewahi kupanga mashindano yenu kwa kufuata giza hilo? Mngeweza kwenda kwa mrushaji mkamwambia, tuna wiki nane ambazo wewe huna kitu.

Miaka ikapita, na Uingereza raga ikabaki na mnunuzi mmoja mkubwa, Sky, televisheni ya kulipia. Walilipa vizuri, siwasemi vibaya. Lakini mkataba ulioanza 2022 ulishuka kutoka takriban pauni milioni 40 kwa mwaka hadi takriban 25. Mchezo haukuwa mbovu kuliko jana. Hapakuwa na mtu hatua ishirini pembeni anayepandisha bei. Na kuna jambo ninaloliamini, ingawa wengine watabisha: mchezo ukifungiwa nyuma ya malipo kwa robo karne, watoto wa mji wa pili hawaujui, na mnunuzi mpya anauliza, nani ataangalia? Ndiyo maana mwaka 2022 wakapeleka baadhi ya mechi Channel 4, ambako mtu anaangalia bure, na 2024 BBC, na mwaka huo huo wakafungua huduma yao wenyewe ya kuonyesha mechi mtandaoni. Walikuwa wanajitengenezea mnunuzi wa pili. Walichelewa, lakini walifanya.

Halafu ikaja korona. Machi 2020 ligi ya Australia ilisimama baada ya raundi mbili. Mkataba ule mkubwa ulilipa kwa mechi zinazochezwa. Mechi zikikoma, fedha zinakoma. Ikabainika kwamba mabilioni yote ya miaka ile hayakuacha akiba ya kutosha. Nine walitoa taarifa kali hadharani wakisema mchezo umefuja fedha. Mei 28 ligi ilikuwa imerudi uwanjani, mapema kuliko karibu ligi nyingine zote duniani, na wengi walisifia ujasiri ule. Mimi naona pia kulikuwa na njaa ndani yake. Mtu ambaye hana akiba hawezi kukaa nyumbani hata kama ziwa limechafuka.

Turudi kwetu. Mei 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ni wastani wa zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka. Wapo wanaoubeza, mimi simo. Klabu iliyokuwa haijui nauli ya kwenda Mbeya itatoka wapi sasa ina kitu cha kuandika kwenye bajeti. Kabla ya Azam kuanza, tulisikiliza mpira redioni na kukisia. Hofu yangu ni urefu. Miaka 10 ni mingi. Mwaka 2013, mkataba wa kwanza wa Azam ulipokuja, Yanga waliupinga hadharani, na mgawo ulikuwa kati ya mambo yaliyobishaniwa. Mjadala ule ulikuwa na afya ingawa ulikuwa na kelele. Mkataba mfupi unairudisha meza kila baada ya miaka mitatu au minne, na kila mara unajifunza. Kwa ligi changa na vyama vya mkoa nasema bila kusita: msizidi mitatu.

Majirani zetu Kenya walipata funzo la aina nyingine. SuperSport waliwalipia ligi kwa karibu miaka 10, kisha mwaka 2017 wakaondoka baada ya ligi kuongezwa kutoka timu 16 hadi 18. Kitu ulichouza ukikibadilisha katikati, mnunuzi ana mlango wa kutokea. Ndugu zetu wa Kisumu mnajua makovu yake kuliko mimi.

Sasa niseme langu, kwa sababu sitaki mdhani nimekuja kuwahukumu.

Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia klabu moja ya mkoani kusaini mkataba na kampuni ya kurusha michezo mtandaoni. Kampuni haina haja ya kutajwa. Fedha zilikuwa ndogo, tulikuwa na haraka, timu ilikuwa inadaiwa na mwenye nyumba ya wachezaji. Kifungu cha saba kilisema kampuni inapata haki za picha zote za michezo ya klabu, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, bila kikomo cha muda. Nilikisoma. Nilikisoma mara mbili, nikakiacha, kwa sababu niliona fedha ndiyo jambo la siku ile. Mwaka uliofuata kijana wetu mmoja, beki wa kushoto, aliombwa na timu ya nje atume video ya dakika tano. Tukaomba picha zetu wenyewe. Tukaambiwa tulipie. Kiasi walichotaka kilizidi mshahara wake wa miezi miwili. Tulipokuja kuchangishana, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine. Kijana yule sasa anaendesha bodaboda hapa hapa mjini. Ananisalimia kwa heshima kila tunapokutana, na kila mara naikumbuka namba saba.

Kwa hiyo picha za zamani zibaki mali ya klabu. Mrushaji aonyeshe mbashara, aonyeshe marudio kwa muda mliokubaliana, halafu kumbukumbu zirudi kwenu, na tangu siku ya kwanza mwe na ruhusa ya kutumia vipande kwa ajili ya wachezaji na kurasa zenu. Hilo halimgharimu mrushaji chochote. Atalikubali mkilisema mapema. Mkilisema baadaye, lina bei.

Na soka ya wanawake, au raga ya wanawake, isiwekwe kwenye mkataba kama nyongeza ya bure. Naona rasimu nyingi zinasema "pamoja na mashindano yote ya wanawake na vijana", nusu mstari. Australia walianza ligi ya raga ya wanawake mwaka 2018, na leo ina watazamaji wake na wadhamini wake. Andikeni mstari wake, hata kama kiasi cha mwaka wa kwanza ni kidogo. Kitu kilichoandikwa sifuri hubaki sifuri kwa muda mrefu.

Mtaniuliza: mnunuzi wa pili tutamtoa wapi sisi, wakati hata wa kwanza amekuja kwa kubembelezwa? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba wa pili anaweza kuwa ninyi wenyewe. Kamera mbili, fundi mmoja anayejua kazi, mtangazaji anayewajua wachezaji kwa majina ya mtaani, bando la kutosha, na msimu mzima wa kurusha mechi zenu bure. Hamtapata faida. Mtapata hesabu: watu wangapi waliangalia, dakika ngapi, kutoka wapi. Mtashangaa ni wangapi wako Dar es Salaam, Nairobi, hata Oman, wanaotaka kuiona timu ya kwao. Mkienda mezani na daftari hilo, mrushaji anajua mnaweza kuondoka. Msipokuwa nalo, atawaambia thamani yenu yeye, na mtamwamini, kama baba alivyoiamini mizani yenye kioo kilichopasuka.

Muda wangu unaisha. Nimeambiwa kuna vilabu viwili humu vimeletewa rasimu na vinatakiwa visaini kabla ya Ijumaa. Sitauliza ni vipi. Ijumaa si amri ya serikali, ni tarehe iliyowekwa na upande wa pili, na upande wa pili unaweza kuisogeza mkiomba kwa maandishi. Baada ya chai nitakaa pale nje, meza ya mwisho chini ya mwembe, hadi jioni. Sitatoza kitu. Njooni na rasimu zenu zikiwa na kurasa zote, na viambatisho vile mlivyoambiwa havina umuhimu, na kalamu nyekundu. Tutaanza na kifungu cha saba.

Wabeja sana.